Nyuzi Saba na Theluthi

Kaunas, Februari, mto umeganda hadi katikati.
Shule ya wasioona imeniagiza vipande vya msonobari:
piramidi tano, kila moja nyuso nne,
kila uso pembetatu ya mbavu sawa,
"za kutosha kiganja cha mtoto," aliandika Bi Eugenija,
"na kingo usizilainishe sana.
Kwa wanafunzi wangu, ukingo ndio mstari."

Miaka arobaini nimetengeneza madirisha.
Dirisha ni tisini, tisini, tisini, tisini;
ukikosea unasingizia baridi, mbao zimejikunja.
Piramidi haipokei singizio.
Kati ya uso na uso ina nyuzi sabini na nusu, na ushei,
na huo ushei, jamani, hauna mwisho:
meno ya msumeno wangu yanakwisha kabla yake.

Kuipima, unachagua nukta moja juu ya ukingo.
Hapo unachora mistari miwili,
mmoja kwenye uso huu, mmoja kwenye ule,
yote ikiusimamia ukingo wima.
Ukienda mshazari, hata kwa unywele,
pembe itakudanganya, nawe utaiamini.
Mimi nimeziamini nyingi.

Nikamaliza. Nikazipanga zizunguke ukingo mmoja,
uso kwa uso, kama watu wanaoota moto.
Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.
Ya tano ikaingia.
Kisha ufa.

Si mkubwa; kisu cha siagi kingepita.
Nikautukana msumeno, nikakata upya.
Nikakata mara ya tatu, mbao kavu zaidi,
mke wangu akiuliza toka jikoni
kama nimeuoa msonobari.
Ufa uleule.
Basi nikachonga kabari nyembamba kama ulimi wa paka,
nikaichomeka, nikaipiga msasa,
nikabeba kazi yangu shuleni kama mtu mwaminifu.

Skirmantė ana miaka kumi na mmoja.
Vidole vyake vilizunguka mara moja tu.
"Moja, mbili, tatu, nne, tano," alisema. "Na hii?"
"Ya sita," nikajibu.
"Hapana. Hii ni ya kuficha."
Akaichomoa kwa ukucha, akanirudishia.
Wanasema uso umeumbwa na haya.
Wangu ulijua hivyo siku ile, ingawa
hakuna chumbani aliyeuona.

"Nafasi hii si kosa lako," akasema Bi Eugenija,
"zimezaliwa nayo. Nyuzi saba na theluthi.
Tano hazitoshi, sita hazienei."

Lakini mtoto alikwisha kwenda rafuni.
Akarudi na vipande viwili vya nyuso nane,
vya zamani, vimeng'aa kwa mikono ya watoto.
Akapanga: piramidi, nane, piramidi, nane.
Zikafunga. Hata ukucha wake haukupata pa kuingia.
Sabini na nusu na ushei; mia na tisa na nusu kasoro kidogo.
Ushei wa huyu ndio kasoro ya yule.

Nikakigeuza kimoja, nikaona chapa ya moto:
R, mguu wake umepinda.
Rimgaudas. Ndugu yangu.
Karakana yake na yangu zinashiriki ukuta mmoja,
na tangu baba azikwe hatujashiriki kingine,
ila inaonekana kipimo,
kwa sababu mbavu za vipande vyake na vyangu
zililingana bila sisi kuulizana.

Nilirudi kwa miguu, theluji ikilia chini ya viatu.
Mbele ya mlango wake nilisimama.
Kwanza nilisimama upande, kama mpita njia.
Kisha nikajigeuza, nikasimama wima.
Ndani randa ilikuwa ikipita, ikarudi, ikapita,
halafu ikanyamaza.

Ile kabari bado ninayo.
Nimeitia chini ya mlango wangu
usijifunge kwa upepo.