Siku Thelathini

Kule chini, nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto,
nguzo ina mistari ya penseli, na kila mstari una mwaka.
Nikafurahi. Nikamwita mke wangu:
njoo uone, hapa walikua watoto wa watu.
Mwanaidi akainama na tochi, akasoma, akanyamaza.
“Mtoto gani huyu,” akauliza,
“mwaka mmoja anafika kifuani, unaofuata magotini?”

Bi Thibodeau, ng'ambo ya uzio,
hakuliacha koleo lake la theluji:
“Huyo si mtoto, ni mto. Hamkuambiwa?”

Tukafungua ramani ya Montpelier.
Rangi ya hatari inakomea kwenye banda lake la kuku.
Kiwanja chetu kimeachwa cheupe pe,
hatua sita tu kutoka hapo.

Nikapiga simu bima.
Bomba likipasuka, tunalipa, alisema kijana.
Upepo ukiezua paa, tunalipa.
Mto ukipanda ngazi zako, huo ni mkataba mwingine,
nao huanza kazi baada ya siku thelathini.

Tahadhari kabla ya hatari, tulikaririshwa shuleni.
Hatukuambiwa siku ngapi kabla.

Leo ya kumi na tisa.
Theluji ya milimani inayeyuka,
mifereji inaongea usiku kucha.
Mwanaidi amepandisha juu vyeti, cherehani, gunia la mchele.
Mimi nimeshuka na penseli
nimpime mwanetu kwenye nguzo ya pili,
ile tupu,
asije akachanganywa na yule.