Namba Tisini na Moja

Niliteleza Marikiti, kwenye ganda la embe,
kifundo cha mkono kikalia kama bisi.
Hospitali wakanipa panadoli na karatasi:
mashine ya picha imeharibika, rudi Jumatatu.

Jumatatu ipi, hawakuandika.

Nikakanda mahamri kwa mkono mmoja
Rajabu yote. Shaabani, Mishi akanikandia,
akinung'unika iliki imezidi.
Usiku niliulaza mkono kwenye mto
kama mtoto wa watu.

Namba tisini na moja. Aliyekuwa tisini
kaenda zake Kisauni kwa muunga mifupa.

Ramadhani, kumi la mwisho, nikaitwa.
Daktari akaiinua picha dirishani:
mfupa ulishajiunga wenyewe, kombo.

Akanitazama juu ya miwani.
"Mama, mbona umechelewa?"