Viazi vya Matanga

Mama alikuwa Mmormoni, Baba Mlutheri,
na nyumba yetu ilikuwa Aidaho, maili mbili kutoka kiwanda cha sukari
ambacho harufu yake iliingia kila dirisha
bila kuuliza humu wanasali wapi.

Jumapili gari lilikuwa moja.
Baba alimshusha Mama saa tatu kasorobo,
akaacha injini ikinguruma mpaka amwone ameshika kitasa,
kwa sababu ya barafu,
kisha akaendelea nami hadi kwenye kengele yake.
Miaka arobaini na sita.

Kule kwa Mama: mkate wa dukani, na maji
katika vikombe vidogo kama kifuniko cha chupa.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu:
aliyanywa amefumba macho, kama mtu anayevuka.
Kule kwa Baba: kaki nyembamba, divai ya kuchoma koo.

Mchungaji Ostby alikuwa mtu mwema,
ndiyo maana maneno yake yaliuma.
"Verla anamtaja Kristo," alimwambia Baba
juu ya kahawa aliyoipika Mama, asiyeionja,
"lakini Kristo yupi?
Sisi tunakiri nafsi tatu, Mungu mmoja.
Wao wana Baba mwenye nyama na mifupa, na Mwana kando yake,
wawili, kama mimi nawe hapa mezani.
Jina ni lile. Mwenye jina siye."
Baba akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Naye askofu wa Mama, fundi bomba siku za kazi,
alikuwa na lake:
kwamba mitume walikufa wakaondoka na funguo,
kwamba mishumaa yote ya Ostby iliwashwa kwa moto wa kuazima.
Basi kila mmoja akamfungia mwenzake mlango,
kisha akalalamika baridi.

Nilipotimiza miaka kumi na saba nikataka jibu.
Mama alikuwa akikuna jibini.
"Ninyi ni Wakristo au siyo?"
Hakuinua kichwa.
"Usiku ule wa ajali ya kaka yako, nilimwita nani?"

Nilimsikia. Kuta zetu zilikuwa za mbao.
Hakuita nabii. Hakuita malaika.

Lakini niseme kweli: Ostby naye hakukosea kusoma.
Imani iliyopatanwa Nikea, Mama asingeifikisha mwisho;
angekwama pale Mwana anapokuwa mmoja na Baba,
kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki,
na asingejifanya ameumeza.

Baba alimwonya mara nyingi:
"Nikishakufa, ukabatizishe mtu hekaluni kwa jina langu,
nitarudi nimelowa, na nimekasirika."
"Rudi tu," Mama akamjibu.

Akafa Februari.
Wanawake wa Mama walishuka ngazi za kanisa la Baba
na trei za viazi vya matanga: krimu, jibini,
na juu yake chembe za mahindi zilizopondwa.
Wanawake wa Baba walikuwa wameshapanga trei zao.
Viazi, krimu, jibini. Juu yake makombo ya mkate.
"Hivi sivyo vinavyopikwa," mmoja akanong'ona, sikumbuki wa upande gani,
akajipakulia mara mbili.

Juu, wakati wa ushirika, Mama alibaki kwenye benchi.
Ostby akapita na sahani, akasita mbele yake,
kaki kati ya vidole.
Yeye hakunyoosha mkono. Mchungaji hakuushusha wake.
Sijui walikaa hivyo muda gani.
Kisha akaenda kwa aliyefuata.

Fomu nimeiona, kwenye droo ya vijiko:
Halvor Ness, tarehe zake mbili,
mahali pa sahihi pakiwa patupu, tangu majira ya kuchipua
na sasa mashamba yamevunwa.

Jumapili namshusha mimi.
Naacha injini ikinguruma mpaka ashike kitasa.
Mlango unafunguka, unafunga.
Nami nakaa hapo, mguu kwenye breki,
njia panda mbele yangu imemwagiwa chumvi pande zote.