Kisanduku cha Mengineyo

Bogumiła aliendesha tramu miaka thelathini na mmoja,
vituo vya Łódź anavijua kwa magoti.
Sasa simu ndiyo inayomhesabia vituo:
dripu ya kwanza, tiki.
Dripu ya pili, tiki.
Chembechembe nyeupe zimeshuka, mstari mwekundu,
subiri wiki.

*Maumivu, moja hadi kumi?*
Anaandika nne. Ni saba.
Saba ingempigia Jagna kengele huko Gdynia,
na Jagna ana mtihani Alhamisi.

Ya sita ilipokwisha
kioo kikamwaga vikaratasi vya rangi,
HONGERA, bila sauti,
muuguzi akiwa bado anatafuta plasta.

Hakucheka. Akateremka
hadi chini kabisa ya ukurasa,
kwenye kisanduku cha Mengineyo
ambacho daktari hakifungui,
akachapa kwa kidole kimoja,
kile ambacho ganzi imekiachia kidogo:

*Supu ya bitiruti. Leo ina chumvi.
Yaani jana pia ilikuwa nayo, ni sufuria ileile.
Leo nimeionja.*

Simu ikauliza: Hifadhi au Futa?

Akavaa kofia kwanza.