Kondoo Katika Daftari la Tawi

Mwaka ule theluji ilifunga njia ya mlimani
kabla lori la makao makuu halijafika Naryn.
Tulikuwa na muhuri, bendera, na kabati tupu
lililoandikwa MISAADA.

Vuli, alikuja bwana mmoja kutoka Bishkek
kutufunza kujitegemea.
Siku ya kwanza alituchorea miduara na mishale.
Siku ya pili tulikula.
Siku ya tatu hatukuwa na jembe la kumpa;
Anarkul akampa sepeto:
“Mlango umezikwa, mwalimu. Anzia hapo.”
Akachota theluji hadi adhuhuri.
Somo hilo tulilielewa sote.

Mimi ni mhazini. Naandika kinachoingia.
Kopo la Sairagul, kwenye tanuri la mikate: som mia mbili na nane,
na kifungo cha koti.
Darasa la tisa: soksi jozi kumi na tatu, na moja isiyo na mwenzake.
Dereva wa teksi, hakutaja jina: dizeli lita tano.
Toktosun: “Nitatoa mwakani.” Nayo nimeiandika.

Kisha Beishenaly akashuka malishoni
na kondoo jike mbele ya tandiko,
akamfunga kwenye mguu wa meza yangu,
akaondoka bila hata chai.

Safu za daftari: Taslimu. Hundi. Vifaa.
Hakuna safu ya kinacholia.
Makao makuu wakasema kwa simu, muuzeni.
Nani atamnunua Januari,
majani makavu yakiwa ghali kuliko nyama?
Nikamwandika Vifaa.
Akala ukurasa wa Novemba.

Makaa tulipeleka bonde la juu,
magunia kumi na moja, nyumba kumi na moja.
Sitasema yalitosha.
Nyumba ya kumi na mbili tuliipita vichwa chini,
moshi wake mwembamba kama uzi wa mwisho kwenye kibiringo.

Machi, barua: makao makuu waomba
asilimia kumi ya makusanyo ya matawi.
Anarkul alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Usiku huohuo kondoo akazaa pacha.
Nikashika kalamu. Mtaji umeongezeka wenyewe;
katika hesabu nilizosomea, hiyo huitwa riba.
Mkono ukasita. Mama alinilea.
Nikafuta, nikaandika: Baraka, mbili.

Safu ya matumizi, mstari wa kwanza:
mmoja, nyumba ya kumi na mbili.
Makao makuu wachague kwa aliyebaki
sikio au mkia.