Kuwa, na Kuwa Na

Oppdal, Januari. Theluji imefika usawa wa dirisha.
Saa mbili asubuhi Ragnfrid wa lifti ya kuteleza anapiga simu:
"Familia moja imepita langoni. Wazazi, watoto wanne.
Mashine yako inasema kumi na wawili.
Hao sita wengine niwachimbue wapi?"

Nilikuwa nimerithi.
Darasa la Lango aliliandika Torgeir,
akastaafu, akaenda kufuga kondoo.
Nami nikalizalisha mtoto ajuaye kuhesabu.
Mbinu mbili tu nilizibatilisha:
kwenye *pitisha*, nikasema, ongeza mmoja;
kwenye *pitishaKundi*, ongeza idadi yao,
kisha mwite baba amalizie.

Sikujua kuwa baba, akipewa kundi,
hulivunja mtu mmoja mmoja,
na kwa kila mmoja huita *pitisha*,
na akiita humo ndani
anayeitika ni mimi.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Nguo ningeivua.

Nikampigia Torgeir. Kondoo walilia nyuma ya sauti yake.
"Kundi linaita *pitisha*?"
"Kwa sasa ndiyo. Zamani halikuita.
Sikumwahidi mtu. Yale yalikuwa mambo yangu ya chumbani."

Mambo ya chumbani!
Basi mrithi hapewi nyumba tu;
hupewa na minong'ono ya usiku ya wenye nyumba,
asiyoruhusiwa kuisikia,
na asubuhi anatakiwa aitii.

Mchana nikafuta neno *rithi*.
Kihesabu changu hakikuwa tena Lango;
kikawa na Lango.
Silabi moja, nyepesi kuliko chembe ya theluji.
Sasa kinabisha hodi, kinaomba, kinashukuru,
na Lango likijiita, linajiitikia lenyewe.

Haikuwa bure. Mbinu kumi na moja nikazipitisha kwa mkono,
*fungua*, *funga*, *washaTaa*,
kama tarishi asiyejua kilichomo kwenye bahasha.
Na mtambo wa dharura ukanikataa kabisa:
ulitaka Lango, au mtoto wa Lango,
si mtu anayemfahamu Lango.
Nikajadiliana nao hadi giza, yaani saa tisa alasiri.

"Sita," akasema Ragnfrid, akakata simu.

Usiku mama akapiga kutoka Dombås.
Nikakohoa kabla ya kusema halo.
Akanyamaza kidogo.
"Steinar," akasema, "nilidhani ni baba yako."