Nyumba ya Mtemani

Faki dalali alinipeleka saa nne asubuhi,
saa ambayo nyumba zote za Wete ni nzuri.
Jua limeegemea ukuta, chokaa bado mbichi,
naye ananitandikia maneno kama jamvi la harusi:
"Vyumba vinne, mwalimu. Baraza. Minazi miwili.
Milioni ishirini, na kesho huikuti."

Mimi nilikuwa nanusa.
Chokaa mpya, na Idi imeshapita miezi mitatu,
ni marashi ya mtu ambaye hakuoga.

Nilikuwa na kiinua mgongo, na upatu wa mwisho,
na hasira ya miaka thelathini na mmoja ya kupanga.
Hasira hiyo ndiyo niliyoiogopa:
mwenye njaa hanunui samaki, hununua harufu.

Basi nikangoja masika.
Usiku wa mvua ya pili nikaenda peke yangu,
ndara miguuni, tochi mkononi,
na daftari la mahudhurio nililoondoka nalo shuleni
(Mungu anisamehe, lilikuwa halijaandikwa).
Bi Mkasi, mpangaji, akanifungulia.
Mabeseni matatu sakafuni, kila moja na sauti yake.
"Hili la chumbani ni la zamani," akasema,
kama anayenitajia wanawe,
"hilo la ukumbini la mwaka jana."

Nikaita majina.
Umeme: yupo.
Maji ya bomba: Jumanne na Ijumaa. Mtoro.
Choo: yupo, mgonjwa.
Boriti: nane zipo; mbili mchwa wamezila, wameacha rangi.
Ukuta wa kaskazini nikaupitisha kidole, nikakilamba:
chumvi.
Jirani wa nyuma: yupo. Ng'ombe wake: yupo.
Na njia ya ng'ombe inakata uani
tangu enzi za babu yake.
Hilo Faki alilisahau.

Nikarudi, nikakaa na kalamu.
Kodi ya vyumba vyote, kama vyote vina watu,
laki moja na nusu kwa mwezi.
Toa mwezi ambao mtu amehama usiku na ufunguo,
toa mabati, toa fundi, toa chakula cha fundi.
Inabaki milioni moja na laki kwa mwaka.
Miaka kumi na minane
ndipo nyumba inirudishie nilichoipa.
Mimi nina sitini na miaka.
Nikacheka, paka akaamka.

Nikamwambia Faki: kumi na tatu.
Akashika kichwa kwa mikono miwili.
Siku tisa hakupiga simu.
Ya kumi: "Wamekubali. Njoo kwa sheha na fedha."

Nilikwenda na daftari; fedha nikaziacha benki.
Warithi wamejaa barazani, kanzu zimenyooka.
Nikaita. Hamad. Yupo. Mwanakombo. Yupo.
Khelef, Siti, Rukia, Massoud, wote wapo.
Shaame.

Mtu akakohoa.
"Huyo alikwenda Mombasa zamani. Hana neno."

Hana neno!
Miaka yote ile ya chaki sijamwandika yupo
mtoto ambaye kiti chake ni kitupu.
Na asiyekuwepo ndiye mwenye neno,
siku atakaporudi na wakili mkononi
ukuta umeshapigwa plasta, nimeshatundika pazia.

Faki akanivuta pembeni.
"Mwalimu, kumi na tatu haitarudi tena."
"Na isirudi."

Wiki ya tatu nikapata namba.
Shaame amezikwa Likoni. Binti yake akapokea,
akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata:
warithi saba sasa ni kumi na mmoja,
na mimi sijanunua hata mlango.
Nilidhani atauliza bei.

"Ile minazi miwili," akasema,
"baba akiitaja sana. Bado ipo?"

Nikamwambia asubiri.
Nikavaa ndara zangu, nikaenda kutazama.